Miche Bora Huanzia Nyumbani: Jinsi ya Kujenga Kivungulio cha Gharama Nafuu

Haya ni mazungumzo ya ofisi ya kilimo kwa wakulima wa mboga wa Milima ya Taita, yaliyotolewa kabla ya msimu wa mvua za vuli. Yamechapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi wote wa kaunti, pamoja na baadhi ya maswali yaliyoulizwa na wakulima.

 

Mazungumzo ya leo yanahusu kitu kidogo sana, nacho ni mche. Mkulima wa nyanya akiulizwa ni lini alipata hasara, wengi hutaja siku ya soko: bei ilianguka Kongowea, au gari lilichelewa njiani na mzigo ukaharibika. Hayo yapo. Lakini hasara nyingi huanza mapema zaidi, kabla jembe halijagusa shamba. Huanza kitaluni. Mche uliokufa hauna bei ya kuanguka, na mche uliochelewa wiki tatu huikuta mvua imekwisha kuondoka.

Fikirieni kalenda ya hapa kwetu. Mvua za vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, na wakulima wengi wa kaunti hii huzitegemea kuliko za masika. Mche wa nyanya hukaa kitaluni wiki nne hadi sita. Ukishapandikizwa, huchukua takriban siku 75 hadi 90 kabla ya kuanza kuchumwa, na huku juu kwenye baridi huenda ukachukua zaidi. Aliyesia mbegu mwanzoni mwa Septemba hupandikiza katikati ya Oktoba, na mwezi wa Januari, shule zikifunguliwa, ana kitu cha kupeleka sokoni. Aliyepoteza kitalu cha kwanza akalazimika kusia tena Oktoba, hupandikiza mwishoni mwa Novemba. Huyo, shule zikifunguliwa, nyanya zake bado ni maua. Kati ya wakulima hawa wawili hakuna tofauti ya shamba wala ya nguvu. Tofauti ni kitalu kimoja.

Kikundi kilichoanza mara tatu

Kuna kikundi cha kina mama huku juu milimani ambacho kisa chake kinafaa kusikilizwa na kila mkulima. Kina mama hawa walichanga pesa za chama wakanunua mbegu chotara za nyanya. Mbegu chotara si za bei ya chini, na kila mmoja alijua kwamba pesa hizo zingeweza kulipia jambo lingine nyumbani.

Mara ya kwanza walisia kwenye tuta la wazi karibu na migomba. Mbegu ziliota vizuri. Kisha ukaja ukungu wa siku kadhaa, na manyunyu yasiyokatika. Miche ikaanza kulegea shingoni, pale shina linapogusana na udongo, ikalala chini kana kwamba imekatwa kwa uzi. Huo ndio ugonjwa wa kinyausi. Huletwa na viini vya ukungu vinavyoishi udongoni, navyo hupenda unyevu mwingi na hewa isiyotembea. Kwa siku tatu tuta lilikuwa limebaki vipande vipande kama kichwa chenye mapunye.

Mara ya pili wakasema mvua isiiguse miche hata tone. Walijenga kibanda cha fito, wakakifunika kwa nailoni pande zote, juu, ubavuni na mlangoni, kama sanduku. Miche ikaota, ikapendeza. Siku moja jirani akazikwa, na kikundi kizima kikaenda matangani. Jua lilichomoza kali kuliko siku zote za wiki hiyo. Waliporudi jioni na kufunua mlango, hewa iliyowapiga usoni ilikuwa kama ya sufuria lililofunuliwa. Miche ilikuwa imepikwa.

Hapo wangeweza kuacha, na hakuna ambaye angewalaumu. Mama mmoja alitaka zilizobaki za chama zigawanywe, kila mtu ashike chake aende. Mwingine akauliza swali lililowaokoa: mara ya kwanza ilikuwa maji, mara ya pili joto, je, hakuna nyumba inayozuia maji bila kufungia joto?

Ipo. Ndiyo waliyoijenga mara ya tatu, wakapandikiza thumuni ya ekari nzima bila kununua mche hata mmoja. Nyumba hiyo ndiyo itakayoelezwa hapa.

Kivungulio ni nini, na si nini

Mtu akisikia neno kivungulio, au grinhausi kama wengi tunavyosema, hufikiria zile nyumba kubwa za mita 8 kwa 15 zenye mabomba na tangi la maji, zinazogharimu laki kadhaa. Hizo ni za kukuzia zao lenyewe mpaka livunwe. Kivungulio cha miche ni kitu kingine. Mche ni mdogo, hukaa humo wiki chache tu, kisha huondoka. Nyumba ya upana wa mita 2 na urefu wa mita 3 humtosha mkulima mdogo.

Hesabu yake ni hii. Ndani ya nyumba hiyo hutengenezwa matuta mawili, kila moja lenye upana wa sentimita 80 na urefu wa mita 3, na katikati hubaki njia ya sentimita 40. Mistari ikiachana sentimita 10, kila tuta huwa na mistari 30. Miche ikiachana sentimita 4, kila mstari hubeba miche 20. Hiyo ni miche 600 kwa tuta, 1,200 kwa nyumba nzima. Nyanya zikipandwa shambani kwa nafasi ya sentimita 90 kwa 45, miche hiyo hukaribia kabisa kutosha thumuni ya ekari.

Kazi ya nyumba hii ni nne: kuzuia mvua isipige miche, kuzuia baridi ya usiku, kuzuia wadudu, na kuruhusu hewa ipite. Hiyo ya nne ndiyo wajenzi wengi huisahau.

Mahali na mifupa ya nyumba

Mahali pawe pa wazi, panapopata jua tangu asubuhi, si chini ya mwembe wala mparachichi. Pawe karibu na maji na karibu na macho ya watu wa nyumbani. Kitalu kilicho mbali huchungwa na kuku na mbuzi. Huku kwetu kwenye miteremko, mkulima hukata ngazi kwanza ili ardhi iwe sawa, kisha huchimba mfereji mdogo upande wa juu ili maji ya mvua yapite kando.

Mifupa ya nyumba ni pinde tano, zinazoachana sentimita 75. Pinde zaweza kuwa za mianzi iliyopasuliwa, ambayo kwa mwenye mianzi haina gharama, au za bomba la plastiki la robo tatu inchi. Bomba la mita 6 likizikwa nusu mita kila upande, hubaki mita 5 juu ya ardhi. Likipindwa juu ya upana wa mita 2, kilele chake hufika kama mita 2 na kidogo, na mtu mzima husimama ndani bila kuinama. Wengine huingiza kila ncha ya bomba kwenye kijiti cha chuma au cha mti mgumu kilichopigwa ardhini ili upinde usiyumbe.

Pinde zikishasimama, fito moja ndefu hufungwa juu kileleni toka mwanzo hadi mwisho, na nyingine mbili ubavuni, moja kila upande, kwenye urefu wa mita moja toka chini. Fito hizi hushika pinde zote kuwa kitu kimoja, na zile za ubavuni zitatumika tena kufungia nailoni na neti. Miti inayoingia ardhini huliwa na mchwa. Njia ya zamani ya wazee bado inafaa: ncha ya mti huchomwa motoni mpaka nje iwe mkaa, kisha ndipo inazikwa.

Kila ncha ya waya na kila kifundo cha mwanzi kinachoweza kutoboa nailoni hufungwa kwa kitambaa au kipande cha mpira wa baiskeli. Tundu dogo, upepo wa milimani ukiliingia, huwa mpasuko kufikia jioni. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nailoni juu, neti pembeni

Sasa linakuja jambo lililowaponza kina mama wale. Nailoni hufunika paa tu. Ubavu wa chini, kimo cha mita moja kila upande, huwekwa neti ya kuzuia wadudu. Mbele na nyuma pia ni neti tupu, na mlango ni fremu ya mbao yenye neti. Joto hupanda juu, hewa baridi huingia kwa chini, na nyumba hupumua yenyewe hata wenyewe wakiwa matangani.

Kwa nyumba ya vipimo hivi, paa huhitaji nailoni ya upana wa mita 3 na nusu na urefu wa mita 4, ili ipite kidogo kila upande na maji yadondoke nje. Nailoni iwe ile maalumu ya kivungulio, iliyotiwa kinga ya jua. Ile ya kawaida ya kufunikia vitu huanza kukatika kwa jua kabla hata msimu wa pili haujafika, na anayeinunua kwa sababu ni rahisi huishia kununua mara mbili. Juu ya paa hupitishwa kamba mbili au tatu zilizofungwa kwenye vigingi, ili upepo usiinue nailoni.

Neti ya pembeni izikwe sentimita 20 au 30 chini ya udongo. Mwanya mdogo ni mlango wa inzi weupe, na inzi mweupe ndiye anayebeba virusi vinavyokunja na kugeuza njano majani ya nyanya. Mche ukiambukizwa ungali mdogo huwa hauzai kitu, na ugonjwa huo hauna dawa. Kuna pia nondo wa Tuta absoluta, aliyeingia Kenya mwaka 2014 na kuwatoa wengi katika kilimo cha nyanya. Neti humzuia asitage mayai kwenye miche.

Kwa ndugu zetu wa chini, Voi, Mwatate na Taveta, mpango hugeuka kidogo. Kule adui si baridi bali jua. Pinde ni zilezile na neti ya wadudu ni ileile, lakini kwa siku nyingi za mwaka juu huwekwa neti ya kivuli inayopunguza mwanga kwa nusu, au nyasi na makuti yaliyotandazwa nafasi nafasi. Nailoni hutolewa tu mvua kubwa ikitisha, kisha hurudishwa stoo. Mkulima wa Voi anayeiga nyumba ya Wundanyi neno kwa neno atapika miche.

Huku juu, usiku wa baridi, mitungi ya plastiki iliyojazwa maji na kupangwa kando ya njia husaidia. Maji hufyonza joto mchana na kulitoa polepole usiku. Mitungi mikuukuu ya mafuta ya kupikia inafaa, mradi haivuji.

Udongo

Nyumba nzuri juu ya udongo mbaya ni kazi bure. Mchanganyiko unaofaa ni makarai matatu ya udongo mzuri wa juu, mawili ya samadi iliyooza kabisa, na moja la mchanga. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuleta magugu. Anayeweza kupata vumbi la makumbi ya nazi kutoka pwani anaweza kulitumia badala ya sehemu ya udongo. Ni jepesi na hushika maji vizuri, ila lioshwe kwanza kwa maji safi ili chumvi itoke.

Udongo usitolewe kwenye shamba lililopandwa nyanya, viazi, pilipili au biringanya, maana mimea hiyo ni ya ukoo mmoja na hurithishana magonjwa. Wala usichimbwe msituni. Misitu kama Ngangao na Chawia ni akiba ya maji yetu, na ina ndege na mimea isiyopatikana popote pengine duniani. Udongo wa kando ya ua ukichanganywa na mboji unatosha.

Kisha udongo huuliwa viini. Pipa lililokatwa nusu hutiwa maji kidogo chini, huwekwa matofali na wavu juu ya maji, na gunia la udongo uliolowa kidogo hukaa juu ya wavu. Pipa hufunikwa na moto huwashwa. Asiye na kipimajoto hufukia kiazi kidogo katikati ya udongo. Kiazi kikiiva, udongo nao umeiva. Njia ya pili haitaki kuni: udongo uliolowa hutandazwa juani, hufunikwa kwa nailoni inayoonyesha, kingo zikabanwa, ukaachwa wiki nne hadi sita. Njia hii inafaa zaidi kule chini na katika miezi ya jua kali.

Kusia na kulea

Mbegu zinunuliwe kwenye duka linalojulikana, kwenye pakiti iliyofungwa, na tarehe isomwe. Pakiti zenye kibandiko cha KEPHIS zina nambari ya kukwangua, ambayo hutumwa kwa ujumbe mfupi wa simu kwenda 1393 ili kuhakikisha mbegu ni halali. Mbegu zilizobaki toka mwaka jana zijaribiwe: kumi huwekwa kwenye kitambaa kibichi mahali penye joto. Zikiota nane au zaidi, zina maisha.

Mstari huchorwa kwa kijiti, kina cha sentimita moja tu. Mbegu iliyozikwa kama maiti haifufuki. Juu hutandazwa nyasi kavu, nazo huondolewa mara tu miche ya kwanza inapochungulia. Ikichelewa kuondolewa, miche hurefuka ikiutafuta mwanga na kuwa myembamba kama uzi. Sukuma wiki na kabeji huota kwa siku nne hadi saba, nyanya siku tano hadi kumi, vitunguu siku saba hadi kumi, na hoho huweza kufika wiki mbili. Asiye na trei anaweza kutumia pakiti za maziwa zilizotobolewa chini, au magamba ya mgomba yaliyokunjwa kuwa vikopo. Vikopo vya mgomba huzikwa pamoja na mche na kuozea shambani.

Maji ni asubuhi, kwa kopo lenye matundu madogo. Miche ikilala na majani mabichi, kinyausi huja usiku. Kipimo ni ngumi: udongo ukibanwa mkononi ushikamane, lakini maji yasichuruzike. Miche iliyosongamana hupunguzwa mapema ili hewa ipite kati yake.

Joto nalo hupimwa bila chombo. Mtu akiingia ndani saa sita mchana, akakaa dakika chache na jasho likaanza kumtoka, miche nayo inateseka. Mlango ufunguliwe, na kitambaa chepesi au majani kidogo yawekwe juu ya paa. Kina mama wa kikundi kile waliandika zamu kwenye karatasi na kuibandika mlangoni. Kila siku ina jina la mtu, hata siku ya msiba.

Anayeingia anawe mikono kwa sabuni, hasa anayevuta sigara au kunusa ugoro, kwa kuwa tumbaku hubeba virusi vinavyoshambulia nyanya na pilipili.

Siku saba hadi kumi kabla ya kupandikiza, miche huzoeshwa maisha ya nje. Maji hupunguzwa polepole, na paa hufunuliwa saa chache asubuhi, kesho yake zaidi kidogo, hadi ikeshe nje. Mche uliodekezwa mpaka siku ya mwisho hushtuka shambani na kupoteza wiki nzima. Kupandikiza hufanywa jioni au siku ya mawingu, baada ya kumwagilia kitalu vizuri. Kabeji na sukuma wiki ziwe na wiki nne hadi tano, nyanya nne hadi sita, vitunguu na hoho sita hadi nane.

Gharama

Vitu vya nyumba hii ni vya aina tatu. Kuna vya bure kwa wengi wetu: mianzi, fito, samadi, udongo, nyasi. Kuna vya kuazima: msumeno, nyundo, pipa la kuchemshia. Na kuna vya kununua: nailoni, neti, waya, misumari na kamba. Bei hubadilika, kwa hiyo mkulima aulize katika maduka mawili au matatu, na apeleke vipimo kamili ili asiuziwe roli nzima. Wakulima wanne wakinunua pamoja na kugawana, kila mmoja hulipia anachohitaji tu. Baada ya hapo gharama kubwa inayobaki ni uangalifu, na huo haununuliwi dukani.

Maswali ya wakulima

*Mzee mmoja aliuliza kwa nini asinunue tu miche barabarani, kwa kuwa ni haraka.*

Jibu lilikuwa kwamba hakuna kosa kununua miche kwa muuzaji aliyekaguliwa na anayejulikana. Hatari ni mche usiojulikana asili yake. Mnyauko wa bakteria husafiri na mizizi na udongo wa mche, na ukishaingia shambani hukaa miaka. Mmea ukinyauka ghafla ukiwa bado kijani, shina likatwe na kutumbukizwa kwenye glasi ya maji safi. Ukionekana uzi mweupe kama maziwa ukishuka toka kwenye shina, ni mnyauko huo. Mmea ung'olewe uchomwe, na shamba lipumzishwe nyanya na viazi.

*Mama mmoja aliuliza kama chandarua cha mbu kinaweza kutumika badala ya neti ya wadudu.*

Aliambiwa kwamba chandarua cha kulalia ni cha kulalia. Chandarua kizima kibaki kitandani kwa watoto, maana malaria haingoji mavuno. Tena matundu yake ni makubwa kwa inzi mweupe, ambaye hupita bila kubisha hodi. Kilichochakaa kabisa kinaweza kuzuia kuku na panzi, si zaidi ya hapo.

*Kijana mmoja alitaka kujua kama anaweza kukuza miche ya kuuza.*

Aliambiwa anaweza, na kwamba mitaa mingi inahitaji mtu kama yeye. Lakini kabla ya kuuza mche wa kwanza afike ofisi ya kilimo ya wadi yake aelezwe kuhusu usajili na ukaguzi. Anayeuza mche mgonjwa hupeleka ugonjwa katika mashamba ishirini kwa siku moja. Alishauriwa pia aanze na matuta mawili, ajifunze kwa miche yake mwenyewe.

Mwisho

Ndugu wakulima, Septemba haiko mbali. Nyumba hii hujengwa na watu wawili kwa siku mbili, na udongo huandaliwa kabla ya kusia. Fuatilieni utabiri wa msimu wa Idara ya Hali ya Hewa, kisha mhesabu kurudi nyuma: tarehe ya mvua, toa wiki sita, hiyo ndiyo siku ya kusia nyanya. Asiye na uhakika wa vipimo amwone afisa wa kilimo wa wadi yake kabla ya kununua nailoni, si baada ya kuikata.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Mche wenyewe huanzia kivulini, ukapate nguvu za kusimama juani. Mwaka huu kina mama wa kikundi kile wanajenga nyumba ya pili, na mama aliyetaka pesa za chama zigawanywe ndiye aliyeandikwa wa kwanza kwenye karatasi ya zamu.